Saba au Tisa

Barua imefika saa nne, umeme ukiwa umerudi kidogo.
Wakili wa huko kwenye baridi anauliza, kwa adabu:
je, ngazi za kushukia mferejini, nyuma ya soko la Kadutu,
ni saba, au ni tisa?
Katika mahojiano ya kwanza mteja wake alisema saba.
Katika ya pili, miezi kumi na minne baadaye, tisa.
Hakimu ameliona pengo hilo,
na katika pengo la ngazi mbili
anaweza kumtumbukiza mtu mzima.

Kabati letu lina mengi.
Lina ramani ya vichochoro iliyochorwa kwa biki,
magazeti yaliyotafunwa pembe na panya,
orodha ya maporomoko ya udongo, mvua kwa mvua,
bei ya unga mwezi ule barabara ya Uvira ilipofungwa,
majina ya walioitwa usiku
na asubuhi hawakuitika.
Ngazi hakuna aliyezihesabu.
Sisi wa Bukavu tunapanda na kushuka tangu tumboni;
nani ahesabu pumzi?

Nikavaa viatu vya mpira, nikachukua daftari.

Moja. Mbili. Ya tatu imemeguka ukingo.
Mtoto mwenye dumu la njano akasimama kunitazama,
akacheka: mtu mzima huyu ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu!
Nne, tano, sita.
Saba, na hapo jiwe la zamani linakoma.
Ya nane na ya tisa ni za saruji,
na juu ya ile ya mwisho kuna unyayo wa kuku
aliyepita kabla haijakauka.

Nikabisha mlango wa karibu.
Mama Nsimire (si jina lake) alikuwa akichambua maharagwe,
hakuinua macho.
"Hizo mbili? Nilizijenga mimi,
mwaka udongo uliposhuka na choo cha jirani.
Mfuko mmoja wa saruji. Risiti ninayo."
Akafungua Biblia, katikati ya Maombolezo:
karatasi ya duka, mhuri wa zambarau, tarehe.
"Mchanga alinibebea kijana wa fundi cherehani,
yule mrefu. Sikummalizia hela yake.
Yuko wapi siku hizi?"

Sikumjibu. Kazi hii ina kanuni,
na ya kwanza ni kumeza.

Kumbe saba ni zile za utoto,
alizoziruka mbilimbili akitumwa sabuni.
Tisa ni za usiku ule
aliposhuka bila taa, kiganja ukutani,
akikanyaga mchanga wa mgongo wake mwenyewe.
Hakusema uongo mara ya kwanza.
Hakusema uongo mara ya pili.
Kilima ndicho kilichobadilisha maelezo yake.

Nikaandika kama inavyotakiwa:
Mahali pamekaguliwa. Picha nne, rula ikionekana.
Nakala ya risiti, kiambatisho cha tatu.
Chanzo: mkazi, mwanamke, jina limehifadhiwa.
Kwenye fomu hakuna mstari wa kuku.
Nikamweka kwenye tanbihi.

Kiambatisho cha tatu kilikwama njiani usiku kucha,
robo, nusu, robo tena.
Kikaondoka alfajiri, jogoo wa Nguba wakiwika.

Sasa ni wiki ya tano. Wakili hajaandika.
Huenda hakimu yuko likizo;
huenda anahesabu kitu kingine,
vifungo vya shati, madirisha ya shule.

Jana yule mtoto wa dumu amekuja ofisini,
kashika kitambaa kilichofungwa fundo.
Ndani yake franga elfu tatu, laini kwa kushikwa.
"Bibi amesema ni salio la mchanga.
Mmpelekee huyo
mnayemtafutia ngazi."

Nimesimama mbele ya kabati na fundo mkononi.
Si ramani. Si ushahidi. Si mvua.
Nimeiweka kati ya bei za unga na majina,
droo imegoma kufunga,
nami nimeiacha hivyo.